Hazina Mbili za Hilali

Swali la kwanza lilipotokea kwenye kibao cha kompyuta, Zamda aliinua mikono yote miwili akarudisha kiti nyuma.

"Dada, mie hapo sioni kitu. Nijibie wewe."

Mwamvua alimsogezea kibao karibu. Mbele yao Hilali alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki, kachomwa sindano ya usingizi, kisogo kimenyolewa duara dogo. Hilali alikuwa mume wa Mwamvua. Alikuwa pia mume wa Zamda. Kwa desturi ya kazi, fundi wa viini kama Mwamvua hamgusi mtu wa nyumbani kwake, lakini fundi mwingine wa Tabora alikuwa amehamishiwa Mpanda na nafasi yake haijazibwa. Basi Daktari Ngassa, mkuu wa kliniki, akakubali kwa sharti moja: mke mwenza akae pale ashuhudie, na kila linalohusu nyumba yake alitamke kwa mdomo wake mwenyewe.

Na shahidi ndiye huyu. Ametoka Sikonge na mfuko wa uyoga mkavu, ameutoa kwa mikono miwili na kupiga goti, na kabla kazi haijaanza anaomba mwingine amjibie.

"Soma kwanza," Mwamvua alisema. "Ni kichwa cha mumeo."

"Cha mume wetu. Na wewe ndiye mkubwa, ndiye unayejua."

Tangu homa kubwa ya ubongo ipite nchini, watu wazima wengi hawakubakiwa na mahali pa kuweka kumbukumbu. Akili ilibaki, maneno yalibaki, mikono ilijua kazi zake, ila jana ilikuwa ikiwavuja. Ndipo vikaja viini, vidude vya ukubwa wa punje ya mahindi vinavyokaa kisogoni, pamoja na hazina, sanduku linalowekwa nyumbani juu ya kabati na kuhifadhi maisha ya mtu. Hazina ni seva, kiini ni mteja wake. Mtu akimkumbuka mamake, kiini kimeomba na hazina imejibu, na mwenyewe hana habari kwamba ameomba. Wengi walikuwa na hazina moja. Hilali, mrina asali mwenye nyumba mbili, alikuwa nazo mbili: moja Tabora kwa Mwamvua, nyingine Sikonge kwa Zamda, karibu na msitu wenye mizinga yake. Alichokiwaza mchana kiliandikwa katika hazina ya nyumba alimolala usiku.

Sasa viini vya toleo la zamani vilikuwa vinaondolewa. Toleo jipya lilikuwa na tabia ya mgeni mwenye adabu: halikuchukua kitu bila kuambiwa. Lilimuuliza fundi, moja baada ya jingine, kiini kijue nini na kisijue nini. Usipokiambia kwamba kuna mafaili yanayokaa mbali, hakitayajua, na kisichojulikana na kiini hakijulikani na mwenye kiini.

*Uwezo wa mteja wa mafaili ya mtandao: Ndiyo, Hapana, Kipande?*

"Kipande ndiyo nini?" Zamda aliuliza.

"Ukisema Ndiyo, uwezo unafumwa ndani ya kiini chenyewe, uko macho muda wote. Ukisema Kipande, unakaa pembeni. Unaitwa ukihitajika, ukikosa kazi unarudishwa pembeni."

"Na Hapana ni hapana."

"Hapana ni hapana."

Kwa hazina ya Tabora, Mwamvua alijibu Ndiyo bila kupepesa jicho. Swali likafuata: hazina ikichelewa kujibu, kiini king'ang'anie au kikate tamaa? Akajibu king'ang'anie. Kiini kinachong'ang'ania humsimamisha mtu pale pale alipo mpaka hazina ijibu, hata awe na kijiko mdomoni. Kinachokata tamaa hungoja kidogo, kikikosa jibu kinamwambia mwenyewe kwamba hapa hapana kitu. Naye huamini, maana nani anaweza kubishania asichokikumbuka?

Ikaja zamu ya hazina ya Sikonge. Mwamvua aligeuka kumwita shahidi wake, akamkuta ameinama, anamfuta Hilali udenda kwa ncha ya khanga. Alifanya hivyo bila hata kufikiri, huku jicho lake likiwa dirishani. Hakuwa anajionyesha kwa mtu. Angekuwa anajionyesha, ingekuwa nafuu.

Mwamvua aliona wivu. Tusizunguke mbuyu. Ulikuwa mkali kuliko ule wa siku alipoambiwa kwamba anaolewa mwenzake. Miaka yote hii alikuwa amevumilia mengi: mume kurudi kutoka Sikonge ameshiba, mume kukaa barazani akitazama upande wa kusini na kutabasamu peke yake, na akiulizwa unacheka nini, husema, "Hakuna." Hakuna! Mtu mzima anatabasamu na hakuna! Alijua kabisa hiyo hakuna inaitwa nani na inakaa wapi.

Asiyekuwapo na lake halipo, alijisemea. Hakukusudia kumfuta Zamda, alikusudia kumpunguza. Hilali akiwa Sikonge awe wa Sikonge, na akija Tabora awe wa Tabora mzima mzima. Kwani kufunga mlango wa chumba chako ni dhuluma? Hivyo ndivyo alivyojitetea mbele ya nafsi yake, na nafsi yake siku hiyo ilikuwa hakimu mpole sana.

"Hii ya pili tunaweka Kipande," alisema. "Na ikichelewa, ikate tamaa. Ndivyo zinavyowekwa za pili."

Zamda alilitazama lile neno kwenye kibao. "Jina baya hilo. Lakini wewe ndiye unayejua."

Akajongea kipaza sauti, akatamka taratibu, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa: "Kipande. Ikate tamaa."

Kiini kikaanza kujengwa, na Mwamvua akaenda kunawa mikono.

*

Mvua za masika zilikuwa zimekolea. Minara inayobeba mawasiliano kati ya Sikonge na Tabora ilisimama katikati ya msitu, na siku za mvua kubwa mtandao ulikwenda kwa kuchechemea. Mwamvua alilijua hilo vizuri. Alikuwa amelitegemea.

Kutoka kliniki Hilali alikuwa amerudi Sikonge na Zamda. Zamu ya Mwamvua ilipofika, alipika wali wa nazi, akajitia udi, akakaa kungoja mume ambaye kwa mara ya kwanza angekuja wake peke yake. Mlangoni akasikia mtu akibisha.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Alikuwa Hilali. Amevua viatu nje, kopo la asali mkononi, amesimama hatua mbili nyuma ya kizingiti, jinsi wanavyosimama watu waliokuja kuuliza njia.

"Unapiga hodi nyumbani kwako?"

"Samahani, Bi Mwamvua. Sikutaka kuingia ghafla."

Bi Mwamvua! Tangu wapate mtoto alikuwa Mama Shija, na kabla ya hapo alikuwa "wewe binti Mfaume." Bi Mwamvua walimwita wagonjwa wa kliniki. Alicheka akidhani ni utani, kisha akaona kwamba mumewe hacheki.

Hilali alikula kwa adabu, akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Alijua kwamba huyu ni mke wake. Alijua hivyo kama unavyojua jina la mkuu wa wilaya: ni kweli, lakini halikugusi. Akausifia wali. "Zamda naye anapika hivi hivi," alisema, na uso wake ukafunguka, "ila yeye hutia karanga. Halafu akishapakua anakuwa wa kwanza kuonja sahani yangu, eti anaangalia chumvi. Mwizi yule!"

Akacheka sana. Mwamvua akainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Alikuwa bado jikoni simu ilipolia. Shija, mtoto wao pekee, alikuwa anasoma Mwanza, na kila wiki alipiga simu kumwamkia babake. Hilali aliipokea mwenyewe.

"Marahaba," Mwamvua alimsikia akisema. "Nani mwenzangu?"

Kisha kicheko cha Shija kikasikika hadi jikoni: "Baba, acha utani bwana!"

Hilali aliifunika simu kwa kiganja, akamgeukia Mwamvua aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi. Uso wake ulikuwa na huruma, huruma ya mtu anayeona mgeni amepotea njia.

"Bi Mwamvua, kuna kijana hapa ananiita baba. Nimwambieje?"

*

Asubuhi, Hilali alipotoka kwenda sokoni kuuza asali, Mwamvua alipanda juu ya kigoda akaishusha hazina kutoka kabatini. Kuifungua hazina ya mtu ni haramu ya kazi yao, na fundi akikamatwa hashiki tena kifaa maisha. Aliivunja lakiri kwa kisu cha kumenyea viazi.

Akili yake ya ufundi ilikuwa haielewi. Kilichokatwa ni Sikonge. Hazina ya Tabora ilifumwa ndani ya kiini, inang'ang'aniwa, iko hatua chache kutoka alipokaa yule mwanamume. Basi ilikuwaje asahau mambo ya Tabora na kukumbuka ya Sikonge? Pengine siku ile kliniki aliyachanganya majina ya hazina mbili. Alitamani iwe kweli ameyachanganya.

Hakuwa ameyachanganya. Alifungua jalada la kwanza akamkuta Zamda. La pili, Zamda. Zamda akikimbia nyuki na kujifungia chooni, yeye aliyeolewa na mrina asali. Zamda akisaga meno usingizini, na Hilali yuko macho anamsikiliza na kuona raha. Zamda akilia kwa sababu mtungi wa mamake umevunjika. Zamda amevaa shati la Hilali akichochea moto. Jalada juu ya jalada, mwaka juu ya mwaka, yote yameandikwa hapa, katika nyumba ya Mwamvua, chini ya paa ambalo Mwamvua alishiriki kulilipia. Akatafuta jina lake. Akakuta kwamba amemkumbusha mume kununua chumvi, na kwamba amelalamikia bomba la uani.

Aliendelea kusoma muda mrefu kuliko alivyohitaji. Ulikuwa ugonjwa tu. Alitaka kujua Zamda anacheka vipi akichekeshwa na Hilali, na alipojua alichukia kujua, kisha akafungua jingine.

Jibu lilimjia akiwa ameshika jalada la shati. Hakuna mtu anayemkumbuka aliyekaa naye. Unaye, unamwona, unamwomba chumvi. Unamkumbuka usiyekuwa naye. Zamu zote za Tabora, Hilali alikaa barazani akimkumbuka Zamda, na kila alipomkumbuka aliandika hapa. Kumbukumbu nayo ikishaitwa hairudi ilikotoka. Huandikwa upya pale mtu alipo, na kila fundi anafundishwa hivyo siku ya kwanza. Kwa hiyo harusi yao, kuzaliwa kwa Shija, mambo ya "wewe binti Mfaume," yote yalikuwa yamehama kidogo kidogo kwenda Sikonge, kwa sababu huko ndiko Hilali alikokaa akimkumbuka Mwamvua.

Alikuwa amekata uzi wake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alichimba kwa vifaa vya serikali.

*

Alikwenda Sikonge mwenyewe, katika zamu ya Zamda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ukewenza uanze. Hilali alikuwa uani akichuja asali. Alipomwona aliacha chujio likimwagika.

"Mama Shija! Umekuja mwenyewe? Shija hajambo? Juzi nilikuwa namsimulia Zamda siku ile ya mvua, ulivyonivukisha mto kwa kunivuta mkanda. Si nilikusimulia, Zamda?"

"Umenisimulia," Zamda alisema. "Mara nyingi."

Kwa hazina iliyo jirani, kiini hakikuwa na haja ya kukata tamaa, na ile ya Tabora kiliing'ang'ania hata ikichelewa. Hapa Hilali alikuwa mzima. Hapa alimpenda. Mwamvua alimshika mkono akashindwa kuuachia, na Zamda akageuza uso kuyatazama makuti ya uzio.

Baada ya chakula walimlaza Hilali chumbani na sindano yake. Aliambiwa ni marekebisho madogo. Mwamvua akafungua kibao. Njiani alikuwa ametayarisha uongo mzuri kabisa, kwamba toleo jipya lina kasoro na viini vyote vinarudiwa. Zamda angeuamini. Zamda aliamini kila kitu.

"Nataka yako nayo iwe Ndiyo," alisema. "Na ing'ang'anie. Lakini ukikubali, sanduku hilo hutalizima tena. Ukilizima, Hilali ataganda alipo, hata akiwa kwangu."

"Mbona mwanzo ulisema Kipande?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Mwamvua alimtazama yule mwanamume aliyelala, akaumeza.

"Kwa wivu," alisema. "Zote mbili zinawekwa Ndiyo. Nilikudanganya. Nilitaka akija kwangu akusahau."

Zamda akacheka, kicheko kikavu kisichopanda machoni.

"Wewe unione wivu mimi? Mimi ninayelala na mume anayenisimulia Mama Shija kavuka mto, Mama Shija kasema hivi, Mama Shija angekuwapo angecheka? Bi Mkubwa, mimi nimekusikiliza wewe miaka yote hii, kwenye kitanda changu! Na nilipokuja kwako nilikuja na uyoga!"

"Najua."

"Hujui. Nilisema kwa mdomo wangu. Ulinitamkisha mwenyewe!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniite mdogo wako." Alinyoosha mkono. "Lete kibao. Ulinijibia langu, leo mimi nakujibia lako."

Mwamvua alimpa. Alikuwa amestahili, na alijua hivyo. Zamda alijibu la Sikonge kwanza, kwa sauti kubwa, akikitazama kipaza sauti kama adui. "Ndiyo. Ing'ang'anie." Kisha ikaja hazina ya Tabora, na maneno yale matatu yakapangana chini yake. Kidole cha Zamda hakikusita. Kilikwenda kusimama juu ya Hapana.

"Na wewe uonje," alisema.

Mwamvua aliona kila kitu kwa mara moja. Zamda akibonyeza, kiini kitabaki na Sikonge peke yake, na Sikonge kumejaa Mwamvua. Hilali ataamka anamjua mwanawe, anaijua harusi, anaujua mto. Ataamka kwenye kitanda cha Zamda na kumpigia hodi Zamda. Hakuna nyuki, hakuna shati, hakuna meno yanayosagwa. Na si Mwamvua atakayekuwa amefanya. Litakuwa tamko la Zamda, kwa kidole cha Zamda, kwa sauti ya Zamda iliyorekodiwa. Lililotakiwa kwake lilikuwa kukaa kimya kwa muda wa pumzi moja.

Alikaa kimya. Alitaka kukaa kimya kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani mwake. Aliitazama ile sahani tupu ya Hilali iliyobaki kwenye meza ndogo, iliyoonjwa chumvi na Zamda, na wivu wake wote ukamwambia: mwache, anajichagulia.

"Sema," Zamda alisema kwenye kipaza sauti, akijiamrisha mwenyewe. "Ha—"

"Usiseme!"

Zamda aligeuka.

"Humo ndani ni wewe," Mwamvua alisema, na machozi yakamtoka kwa hasira, maana alikuwa anajinyang'anya kwa mikono yake. "Nimeifungua. Sanduku langu zima ni wewe. Ulivyojifungia chooni kwa ajili ya nyuki, mtungi wa mama yako, unavyosaga meno. Kwangu hakai akiniwaza mimi, anakuwaza wewe. Ukisema hapana, ataamka hakujui."

Zamda alikiondoa kidole polepole.

"Ungenyamaza," alisema, "ungempata peke yako."

"Nilikuwa nimeshanyamaza. Hukuona?"

Walitazamana. Nje kuku walikuwa wanaparura chini ya chujio lililomwagika.

"Nasaga meno?" Zamda aliuliza.

"Sana. Anapenda."

Zamda alifuta pua kwa ncha ya khanga, akajongea kipaza sauti. "Ndiyo," alisema. Akamtupia Mwamvua jicho ambalo halikuwa limesamehe kitu. "Ing'ang'anie."

Kiini kilijengwa taratibu mpaka kikakamilika. Hilali akaanza kujigeuza. Kope zikatetemeka, midomo ikafunguka kama ya mtu anayetaka kumwita mtu. Wake zake wawili wakainama juu yake kwa pamoja, bega kwa bega, kila mmoja ameshika pumzi, wakingoja kusikia atataja jina la nani kwanza.